Mjadala: Mhudumu wa kijijini anayefanya kazi ya mradi kila siku, bado ni "wa kujitolea"?

MLETA MADA
Wakuu, habari za majukumu. Ni mratibu wa mradi wa afya kwenye shirika moja huku Kanda ya Ziwa. Juzi nilikuwa nagawa posho kwa wahudumu wetu 60 wa afya ya jamii. Mama mmoja, huu mwaka wake wa sita na sisi, akasaini fomu, akahesabu 40,000 yake mara mbili, kisha akaomba ruhusa: bintiye anajifungua Kahama. Nikamwambia ripoti inafungwa tarehe 25, avute subira.

Nimefika kwenye gari ndipo nikajishtukia. Mtu wa kujitolea namnyimaje ruhusa?

Msimamo wangu: mwenye ratiba, rejista na msimamizi ni mwajiriwa, hata tukimwita jina gani. Tunahubiri moyo wa timu kwenye semina, kumbe nusu ya timu haina mkataba. Karibuni.

MKURUGENZI MSTAAFU
Mkuu, huruma unayo, bajeti huna. Mfadhili anakupa fungu la posho, hakupi fungu la mishahara. Waajiri hao 60, weka mchango wa hifadhi ya jamii NSSF, weka mfuko wa fidia kwa wanaoumia kazini, uone utabaki na vijiji vingapi. Nimewahi kukaa kwenye kiti hicho. Kuchagua vijiji vya kuacha si mchezo, na wanakijiji hawatakuuliza habari za mikataba, watauliza mhudumu wao yuko wapi.

TUMBO JOTO
Uzeni V8 moja kwanza, halafu turudi kwenye bajeti.

AFISA RASILIMALI WATU
Tusiishie kwenye huruma. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinasema mtu anachukuliwa kuwa mwajiriwa ikithibitika hata jambo moja tu: unamwelekeza namna ya kufanya kazi, unampangia saa, unampa vifaa, au amekufanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Hapo mwajiri ndiye anabeba mzigo wa kuthibitisha vinginevyo. Baiskeli mmempa, rejista mmempa, na ruhusa mmemnyima! Siku akienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, neno "kujitolea" kwenye fomu halitawaokoa. Hata Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2018, linataka wahudumu hawa walipwe kulingana na kazi na saa zao, tena kwa makubaliano ya maandishi.

JIRANI WA KISUMU
Huku kwetu serikali ilizindua wahudumu kama 100,000 mwaka 2023. Shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti. Si pesa ya kujenga nyumba, lakini angalau mtu anajua wa kumdai. Swali langu kwa mleta mada: mkianza kulipa mshahara, mradi ukiisha baada ya miaka mitatu nani ataendelea? Au mtakuwa mmeiharibia serikali soko?

NILIPEWA BARUA
Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada kwa siku 90, sisi wa ofisini tulipata barua, wengine na stahiki zetu kidogo. Wahudumu wa vijijini hawakupata hata simu. Mmoja aliendelea kujaza rejista wiki tatu akisubiri gari lije kuichukua. Mkurugenzi mstaafu, hilo nalo ni suala la fungu? Simu ni shilingi ngapi?

MKURUGENZI MSTAAFU
La simu nakubali. Ile ilikuwa aibu.

MLETA MADA
Jirani, sina jibu kamili. Ila mkataba wa mradi unaoisha na mradi afadhali kuliko kutokuwa na karatasi kabisa. Mimi mwenyewe wangu uko hivyo hivyo. Na kama lazima kupunguza vijiji, nipunguze. Wahudumu 35 wenye mkataba nitawasimamia vizuri kuliko 60 ninaowakimbiza kila tarehe 25.

Mama nimempigia asubuhi hii, ameenda Kahama siku 14, mwenzake wa kitongoji cha pili anashika rejista. Sasa bosi ananiuliza nimeandika nini kwenye mfumo, maana fomu ya mahudhurio ya watu wa posho haina kisanduku cha likizo. Wenzangu huwa mnaandikaje?