Mrejesho: ganzi ya mama mkubwa baada ya kupasuliwa rovu

Niliuliza kwa nini mama mkubwa, siku mbili baada ya kupasuliwa rovu (uvimbe wa tezi ya shingo) hapa Bukavu, midomo ilimfa ganzi na vidole vikakakamaa. Mliosema kalsiamu, asanteni sana. Damu ilipimwa, kweli kalsiamu imeshuka.

Daktari alituchorea: nyuma ya tezi ya shingo kuna vitezi vinne, kama punje za mchele. Kalsiamu ikipungua, homoni ya vitezi hivyo huichota mifupani, huzuia figo zisiimwage kwenye mkojo, tena huamsha vitamini D ili utumbo uifyonze. Upasuaji ulivishtua, vikalala.

Anameza kalsiamu na vitamini D; ganzi imeisha. (Mimi nilidhani sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, zingetosha!) Jumatatu tunapima tena.