Tupeane uzoefu: vibao vya kuwekea glasi na vikombe ulivyotengeneza mwenyewe nyumbani

Mwanzisha mada
Habari za jioni wadau. Mwezi wa pili tulikata tawi la mwembe lililokuwa linagusa waya wa umeme. Sikutaka liishie jikoni, nikakata vipande sita vya duara, unene sentimita moja na nusu. Siku hiyo hiyo nikapiga msasa, usiku vanishi. Vilipendeza mno, mama akasema asipewe mtu mwingine. Siku ya nne nikasikia "pa!" mezani. Kimoja kimepasuka kuanzia gome hadi kiini, ufa wa kupitisha ukucha. Kufika Jumapili vyote sita vilikuwa hivyo hivyo. Mliofanikiwa, mlifanyaje?

Seremala mstaafu
Pole sana mwanangu. Tawi lilikuwa bichi. Mti ukikauka hunywea, na hunywea zaidi kufuata mzunguko wa pete zake kuliko kutoka gome kwenda kiini. Kipande cha duara hakina pa kuponea, lazima kipasuke, na vanishi haizuii. Ukitaka duara, acha tawi zima kivulini, penye hewa, ncha zote mbili umezipaka rangi ya mafuta, kwa sababu maji hukimbilia nchani. Sisi tulifundishwa mbao ikae mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Hata hapo vingine vitapasuka.

Mimi niliacha duara. Naomba mabaki ya mninga kwenye karakana ya jirani. Ni mbao tulivu, ikishakauka haichezi. Nakata sentimita 10 kwa 10, napiga randa, halafu msasa namba 80, 120, namalizia 240, siku zote kufuata nyuzi za mbao. Ukikatisha nyuzi, mikwaruzo haionekani mpaka upake vanishi, na hapo umeshachelewa. Kingo zilainishe kidogo kwa mkono. Vaa barakoa tafadhali. Vumbi la mninga liliwahi kunibana kifua wiki nzima.

Mama wa Kilifi
Huku kwetu mnazi ukizeeka usizae huangushwa. Mbao nzuri iko upande wa nje. Katikati ni laini, haifai. Unakula msumeno huo! Kwa vibao vinane nilinoa meno mara mbili. Lakini ukishapiga msasa, yale madoadoa yanatokea kama manyoya ya kanga, na wageni huuliza nimenunua wapi. Chini nilianza kwa kugundisha tyubu ya baiskeli isiteleze, ikaacha weusi kwenye kitambaa cha meza. Sasa naweka kipande cha blanketi kuukuu.

Mfuga nyuki, Tabora
Mimi napaka nta yangu mwenyewe, nimeiyeyusha na mafuta kidogo. Kwa soda baridi inayotoka jasho ni safi kabisa, maji yanasimama juu kama kwenye jani la mgomba. Kwa chai nilikoma. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 hivi. Shemeji aliweka kikombe cha bati kimetoka jikoni, kikanata, na alama yake ya mviringo ipo mpaka leo.

Mchangiaji mwingine
Kwa chai jaribu mafuta ya mbegu za kitani ya kupaka mbao, yale yanayouzwa kwa jina la "boiled linseed oil", mipako mitatu myembamba, kila mmoja ukauke siku nzima. Ila jamani, hili nawaomba mlishike: tambara lenye mafuta hayo usilikunje ukalitupa kapuni. Likiwa limekunjwa hujipasha moto lenyewe na linaweza kuwaka bila kiberiti. Letu lilianza kufuka moshi stoo, watoto wamelala chumba cha pili. Litandaze nje likauke, au liloweke kwenye maji.

Mwanzisha mada
Mzee wangu, shikamoo na asante. Nimerudi uani, nusu ya tawi bado ipo. Nimeipaka rangi ncha zote mbili, nimeiinua juu ya matofali na kuandika tarehe kwa chaki. Kesho napita karakana kuulizia mabaki ya mninga.