Mrejesho: kanga na ukili vimeshikana

Ndugu zangu, mimi ndiye niliyeuliza namna ya kuunganisha kanga na ukili (ukanda uliosukwa kwa miyaa, majani ya kusukia mikeka) kwa pambo la ukutani, maana cherehani ilikuwa inapasua miyaa na gundi ya maji inabanduka.

Gundi ya moto inashika kweli, ila inatokeza upande wa pili wa kanga kama doa la mafuta. Siirudii.

Kilichonitoa ni shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka. Nililowanisha ukili kwa kitambaa kibichi, nikausubiri ulegee, kisha nikapenyeza sindano kati ya miyaa na miyaa bila kuitoboa. Kanga nikaikunja pindo mara mbili na kuitilia utepe wa marekani (kitambaa cha pamba) kwa nyuma, hivyo uzi unavuta utepe, hauvuti kanga. Mishono ya karibu karibu ilikunja pindo. Nilipoiachia nafasi ya sentimita 2 ikalala vizuri.

Kosa langu: nilifunga fundo ukili ukiwa bado mbichi. Asubuhi umenywea, uzi unaning'inia! Ikabidi nifumue safu nzima. Sasa naacha mkia wa uzi, nakaza kesho yake.

Mama mkwe amelitazama, kauliza kwa nini nimechana kanga nzima.