Naomba ushauri: Peugeot 504, nianze na injini au kutu?

Wakuu habari zenu. Nina Peugeot 504 ya petroli, gia ya usukani, niliyoirithi kwa mzee na nimekaa nayo miaka mingi. Naitengeneza kidogo kidogo kadiri mfuko unavyoruhusu. Breki, kabureta na nyaya nimeshamaliza.

Sasa imeanza kuchemsha, na nikifungua kifuniko cha oili nakuta utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, dalili kwamba huenda maji yameingia kwenye oili. Fundi anasema ni gasketi tu (kiziba kati ya bloku ya injini na hedi), tufungue silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, tubadilishe, tufunge. Mimi nasita. Injini hii ina slivu (mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka) zinazozungukwa na maji moja kwa moja. Hedi ikitoka halafu mtu akazungusha krenki (mhimili unaosukumwa na pistoni) bila kuzibana slivu, zinaweza kunyanyuka na maji yakavujia kwenye oili. Hedi yenyewe ni ya aluminiamu, ikichemka sana hupinda. Je, nishushe injini nzima nibadilishe slivu na pistoni kabisa?

Halafu kuna kutu. Juzi nilichokonoa chini ya mlango wa dereva, bisibisi ikazama hadi kwenye mpini. Gari hii haina chesi ya kujitegemea, bodi ndiyo inabeba kila kitu, kwa hiyo habari za kupaka puti na rangi sitaki kusikia.

Hela iliyopo inatosha kazi moja. Nianze na ipi? Na mliowahi kukata na kuchomelea sehemu hiyo, mlifanyaje milango isigome kufunga baadaye? Kuuza hapana, hilo msinishauri.