Ganuni inapotea kwenye simu: namna ya kupanga ala za taarab kushoto na kulia

Mpiga Udi wa Unguja aliuliza:

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi na wenzangu tumerekodi nyimbo nne za taarab asilia nyumbani kwetu, katika chumba cha juu cha nyumba ya mawe chenye dari ya boriti. Kadi yetu ya sauti inapokea maikrofoni mbili tu, kwa hiyo kila mtu alirekodi kwa zamu yake, na sasa kila wimbo una treki 10: mwimbaji, waitikiaji walioimba mara mbili, udi, ganuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa na kudonolewa), fidla, akodiani, besi, dumbak (ngoma ya mkono) na rika (tari yenye visahani vidogo vinavyolia).

Shida imeanza kwenye kuzichanganya treki hizo ziwe stirio, yaani sauti ya pande mbili, kushoto na kulia. Kwa kuwa niliitaka ganuni ijae pande zote, niliinakili treki yake, nakala moja nikaipeleka kushoto kabisa na ya pili kulia kabisa, kisha ile ya kulia nikaichelewesha kwa milisekunde 10. Akodiani niliipitisha kwenye programu ya kupanua sauti. Kwenye hedifoni matokeo yalinifurahisha mno. Lakini juzi nilimpelekea wimbo wa kwanza bi mkubwa wetu mwimbaji, akausikiliza jikoni kwa spika ya simu, naye akaniuliza mbona ganuni inapigwa ndani ya mtungi, na akodiani imekwenda wapi. Nilipousikiliza kwenye simu hiyo hiyo nilikuta yote aliyoyasema ni kweli, na juu ya hayo sauti yake mwenyewe ilikuwa imesogea mbele kuliko nilivyoipanga. Naomba mwenye ujuzi anieleze kosa liko wapi.

Fundi wa Chumbageni alijibu:

Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Maneno ya bi mkubwa yachukue kama kipimo, kwa sababu mambo matatu yaliyofichuka kwenye simu yake kila moja lina sababu yake.

Simu yenye spika moja huujumlisha upande wa kushoto na wa kulia kuwa sauti moja, yaani mono. Nakala zako mbili za ganuni, ambazo kwenye hedifoni zilikuwa mbalimbali, hapo hukutana. Wimbi la Hz 50, yaani linalotikisika mara 50 kwa sekunde, hutimiza nusu ya mzunguko wake katika milisekunde 10, kwa hiyo wakati nakala ya kwanza inapanda ile iliyochelewa inashuka, na mbili hizo hufutana. Hali hiyo hujirudia kwenye Hz 150, 250, 350 na kuendelea hivyo kila baada ya Hz 100, ilhali zile za Hz 100, 200 na 300 huongezeka. Sauti inabaki na mashimo kama meno ya kitana, na sikio huyasikia mashimo hayo kama uvungu wa mtungi. Ukibadilisha ucheleweshaji uwe milisekunde 7 au 15, utayahamisha mashimo bila kuyaondoa.

Akodiani imepatwa na jambo la karibu na hilo. Programu nyingi za kupanua huongeza upande mmoja kitu ambacho upande wa pili kimepinduliwa, chanya kuwa hasi, na vitu hivyo vikikutana hakibaki kitu. Kadiri ulivyokikaza kitufe cha upana, ndivyo akodiani ilivyozidi kukaa katika sehemu ile inayofutika.

Ama kuhusu mwimbaji, programu nyingi za kurekodi hupunguza desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa kila kilichowekwa katikati, ili kisikike sawa na kilicho pembeni unaposikiliza kwa spika mbili. Sauti hiyo ya katikati imo kushoto na imo kulia, hivyo ikijumlishwa kuwa mono hupanda desibeli 3 juu ya ala iliyo pembeni kabisa. Hukukosea kumweka bi mkubwa katikati, ila ulipima kiwango chake katika hali moja tu.

Ningekuwa mimi, ningeifuta ile nakala ya ganuni na kuzima kipanuzi. Kisha ningebonyeza kitufe cha mono kwenye treki kuu na kupanga viwango vya ala zote humo, bila kugusa pani (kidhibiti cha kuipeleka ala kushoto au kulia), mpaka kila ala isikike kwa nafasi yake. Ni kazi ya kuchosha, na mara nyingi utalazimika kupunguza masafa ya chini ya udi, yaani sauti zake nzito, ili usigombane na besi, lakini mchanganyiko uliosimama katika mono hauanguki ukiufungua kuwa stirio. Na kama unaitaka ganuni pande mbili kwa dhati, mwombe mpigaji arudie kuipiga tangu mwanzo, kama waitikiaji wako walivyofanya. Mkono wa mtu haupigi sawasawa mara mbili. Tofauti ndogo ndogo za kila mguso wa uzi ndizo zinazozuia kufutana kwa namna ile moja isiyobadilika.

Mwana wa Fidla alijibu:

Nakubaliana na Fundi, lakini naomba niongeze jambo linalohusu taarab yenyewe, maana mafunzo mengi ya kuchanganya sauti yameandikwa kwa ajili ya muziki wa magitaa. Katika dansi gitaa la solo na la rithimu kila moja lina njia yake. Kwetu sisi fidla, akodiani na ganuni hutembea pamoja juu ya melodi moja, kila mpigaji akiipamba kwa namna yake, na mapambo hayo ndiyo utamu wenyewe. Zikirundikwa mahali pamoja huwa sauti moja nene isiyo na sura. Kwa hiyo pani ina kazi kubwa zaidi kwetu, lakini kazi hiyo ni kutenganisha, si kupanua, na ala moja iliyokaa mahali pamoja panapojulikana hutenganika vizuri kuliko ala iliyotandazwa kila mahali.

Mimi huiweka fidla kushoto asilimia 50 hivi, na akodiani kulia kiasi hicho hicho. Ganuni ni kali na inang'aa, na rika nayo inang'aa kwa visahani vyake, kwa hiyo sizipeleki upande mmoja: ganuni kulia asilimia 25, rika kushoto. Besi hubaki katikati, kwa kuwa sikio halitambui vizuri sauti nzito inatoka wapi, na spika zote mbili zikiubeba uzito huo hakuna inayoelemewa. Dumbak nayo huikaribisha katikati kwa ajili ya ule mlio wake mzito. Udi nauacha jirani na mwimbaji, kushoto kidogo tu.

Jaribu pia kusikiliza majibu ya ala baina ya beti. Fidla ikijibu kutoka kushoto na ubeti unaofuata ganuni ikajibu kutoka kulia, msikilizaji anahisi mazungumzo.

Usipeleke ala ya melodi pembeni kabisa. Kwenye hedifoni itamkaa mtu katika sikio moja, jambo linalochosha, na ukumbini kwenye harusi wageni waliokaa karibu na spika ya kulia hawataisikia kabisa fidla iliyofungiwa kushoto.

Mpiga Udi wa Unguja:

Nawashukuru sana, kaka na dada. Nimeurudia wimbo wote kwa saa tatu jana usiku nikiwa katika mono. Ganuni imerudi hai, na akodiani inasikika kwenye simu ya bi mkubwa bila kipanuzi chochote. Limebaki jambo moja: waitikiaji nimewaweka asilimia 80 kushoto na 80 kulia, na wanapoingia huku mwimbaji akinyamaza, nasikia pengo katikati, kana kwamba waimbaji wamesimama milango miwili ya nyumba. Niliwaongezea mwangwi ili wajae, lakini sasa wimbo mzima umekuwa na ukungu.

Fundi wa Chumbageni alijibu:

Warudishe asilimia 40 kila upande na pengo litapungua sana. Huo ukungu naamini hautokani na mwangwi ulioongeza peke yake. Mlirekodi ala moja moja katika chumba kile kile cha kuta za mawe, kwa hiyo kila treki imekuja na mwangwi wake wa chumba, na sasa umejumlisha vyumba kumi. Ondoa wa programu kwenye treki zote, sikiliza, kisha urudishe kidogo kwa mwimbaji tu, ukiwa umekata masafa yaliyo chini ya Hz 200 kwenye mwangwi huo. Kwa nyimbo zijazo tundikeni mablanketi mazito nyuma ya mpigaji na mtandike zulia. Chumba kikavu kitakupa uhuru wa kuamua mwangwi baadaye.

Unapotoa faili la mwisho, hakikisha vilele vyake, yaani pale sauti inapokuwa kubwa zaidi, havipiti desibeli 6 chini ya kikomo cha juu cha sauti, na ulihifadhi kwa biti 24. Kabla ya kulituma, msikilizishe tena bi mkubwa palepale jikoni.