Kwikwi siku ya tatu haikati baada ya kemo, mgonjwa wa saratani ya mapafu

BintiTabata:
Habarini wakuu, naomba msaada. Baba ana saratani ya pafu la kushoto, kliniki yake ni Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam. Jumanne kapata mzunguko wa pili wa kemo (dawa za saratani), mojawapo ni sisplatini. Tangu Jumatano usiku ana kwikwi na leo Jumamosi haijakata. Halali, chakula kinarudi. Maji baridi na kubana pumzi havijasaidia. Inatoka wapi, na kuna dawa ya kununua famasi?

Nesi_Shufaa:
Pole sana dada, mpe pole na mzee. Kwikwi ikipita saa 48 si ya kupuuza tena.

Kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, huendeshwa na neva inayoshuka kutoka shingoni ikipita kifuani, kando ya moyo. Uvimbe au tezi za kifuani zikiibana, kwikwi huanza. Lakini hiyo huwa haifuati kalenda ya kemo. Ya baba imeanza siku moja baada ya dripu, na hapo mimi naangalia kwanza deksamethasoni, dawa ya kuzuia kutapika. Inajulikana kuleta kwikwi, hasa kwa wanaume. Soma karatasi ya dawa: alipewa miligramu ngapi, saa ngapi, siku ngapi?

Usimkatishe wewe, kutapika kutarudi. Daktari ndiye anayeweza kuipunguza mzunguko ujao au kuweka prednisoloni badala yake.

Mfamasia_Kinondoni:
Famasi usiende bila cheti, nakusihi. Tumbo likiwa limejaa gesi na chakula kinarudi, wengi huanza na metoklopramidi miligramu 10 mara tatu kwa siku, nusu saa kabla ya kula. Haifai kama utumbo umeziba. Ikishindikana kuna baklofeni, miligramu 5 mara tatu. Hiyo hutoka kwa njia ya figo, na sisplatini huumiza figo, kwa hiyo kipimo cha kreatinini, kile cha damu kinachoonyesha hali ya figo, kitangulie. Figo zikiwa dhaifu dawa hujazana mwilini, mgonjwa anasinzia mpaka haamki vizuri. Klopromazini miligramu 25 nayo hutumika, ila hushusha presha: akiinuka ghafla kwenda msalani anaanguka. Isichanganywe na metoklopramidi, shingo na taya zinaweza kukakamaa.

Nesi_Shufaa:
Naongezea. Waombe wapime na sodiamu na kalsiamu. Sodiamu ikishuka huleta kwikwi, na saratani ya mapafu ya seli ndogo ina tabia ya kuishusha. Nyumbani: uji mwepesi kidogo kidogo, soda aache kabisa, akae wima saa nzima baada ya kula. Kijiko cha sukari kavu wengine huwasaidia, ila kama ana kisukari hapana, deksa yenyewe hupandisha sukari. Kama pumzi inamsumbua, msimbanishe pumzi tena wala kumfunika mfuko.

BintiTabata:
Asanteni sana. Karatasi inasema deksa miligramu 8 asubuhi na jioni, Jumatano hadi Ijumaa. Ya jioni tulimpa saa mbili usiku. Kisukari hana.

Nesi_Shufaa:
Basi siku zinaoana. Cha mwisho amemeza jana usiku, na deksa hukaa mwilini siku moja na nusu hadi mbili, kwa hiyo kwikwi inatakiwa ilegee kati ya kesho na Jumatatu. Dozi ya usiku pia hufukuza usingizi. Mzunguko ujao waulize kama ya pili inaweza kuwa saa nane mchana. Andika kila siku kwikwi imeanza na kukata saa ngapi, uende na daftari kliniki. Ikivuka Jumatatu, mpeleke kitengo cha tiba shufaa (kinachopunguza maumivu na mateso ya ugonjwa) palepale Ocean Road. Usingoje hata kesho akishindwa kumeza maji, akichanganyikiwa, akiumwa kichwa sana, akitapika mfululizo, akipata homa au pumzi ikizidi kubana.

BintiTabata:
Nimeshachukua daftari. Imekata dakika 20 saa kumi jioni hii, nimeandika.