Tupeane uzoefu: Ni nani aliyewahi kuutaka muda wako wa mapumziko, na aliutakia nini?

Kalamu Kavu (mleta mada)

Wakuu, habari za wakati huu.

Nimekuwa nikisoma historia ya tawala za kiimla, zile ambazo hazitosheki na kodi yako wala utii wako, zinataka mpaka unachowaza ukiwa umejilaza. Nilitegemea kukutana na magereza na polisi wa siri, nao wapo tele. Kilichonishangaza ni jinsi watawala hao walivyohangaika na likizo za watu.

Mussolini wa Italia alianzisha shirika la kusimamia saa za baada ya kazi mwaka 1925, Opera Nazionale Dopolavoro. Wanazi wakaiga mwaka 1933 kwa mpango wao wa Kraft durch Freude (Nguvu Kupitia Furaha): matamasha, michezo, safari za meli za bei nafuu kwa wafanyakazi. Ndani ya meli hizo walipandishwa maofisa wa usalama waliojifanya abiria, kazi yao kusikiliza watu wanasema nini wakishachangamka. Kule Prora, kwenye kisiwa cha Rügen, mwaka 1936 walianza kujenga majengo ya mapumziko yenye urefu wa kilomita kama 4.5, yachukue watu 20,000 kwa mpigo. Vita vikaanza kabla hayajakamilika. Mkuu wa mpango huo, Robert Ley, alijigamba kwamba Mjerumani pekee aliyebaki na maisha yake binafsi ni yule aliye usingizini.

Urusi ya Stalin nayo ikaja na lake. Mwaka 1929 ilianza kuiondoa wiki ya siku saba kazini na kuleta ya siku tano. Wafanyakazi waligawanywa katika makundi ya rangi, kila kundi na siku yake ya kupumzika, ili mitambo isisimame. Baba angeweza kuwa kundi la njano, mama la kijani, basi wakawa hawaonani mchana. Siku ya Jumapili ya pamoja ilirudi mwaka 1940.

Ninavyoona mimi, ukweli unamhitaji mtu mwenye wasaa. Asiye na haraka ndiye anayejiuliza: hivi hili la leo linapatana na tuliloambiwa juzi? Ndiyo maana wasaa wake unatafutiwa mmiliki. Lakini hayo ni ya vitabuni. Nataka ya kwenu, makubwa kwa madogo: nani aliwahi kuja kuchukua muda wako wa kupumzika, na ukweli uliathirika vipi?

Sikio la Tatu

Nimeweka kambi. Ngoja waje waliokula chumvi nyingi.

Mzee wa Behewa

Nimeitwa, nimekuja. Nilikuwa mwanafunzi Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1980. Brezhnev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, alifariki Novemba 1982, akaingia Andropov, mtu aliyekuwa ameiongoza KGB, yaani idara ya usalama na ujasusi, kwa miaka 15. Mwaka uliofuata ikaja kampeni ya nidhamu kazini. Polisi walikuwa wakivamia sinema, mabafu ya umma na maduka saa za mchana na kuuliza kila mtu: wewe kwa nini hupo kazini?

Mimi nilikuwa sinema. Katikati ya picha taa zikawashwa, wakaingia, wakaanza kukagua vitambulisho safu kwa safu. Sisi wanafunzi wa kigeni hatukusumbuliwa sana. Jirani yangu wa kiti, mhandisi wa makamo, aliandikwa jina. Tulipotoka nje nikamfuata, maana kijana hana adabu ya kutouliza. Akanieleza bila jazba kwamba kiwandani kwao vipuri havijafika, mashine imesimama, na wenzake wako huko wanacheza chesi na kunywa chai. Na mwisho wa mwezi ripoti itaandikwa kwamba lengo limetimizwa na kuzidi.

Nililitafakari sana jambo hilo. Kazini palikuwa na uongo uliopigwa mhuri, na ukweli ulikuwa umekaa sinema na tiketi yake mkononi. Serikali haikuhitaji yule bwana afanye kazi, kwa sababu kazi haikuwepo. Ilihitaji aonekane yuko pale ili ripoti isipate shahidi wa kuipinga. Vijana mkisikia watu wanaofukuza uvivu kwa nguvu kubwa hivyo, jiulizeni kwanza kuna uongo gani unaolindwa.

Sikio la Tatu

Shikamoo mzee. Sasa huo ukweli walikuwa wanausemea wapi, kama sinema yenyewe inavamiwa?

Mzee wa Behewa

Marahaba. Jikoni. Tangu familia zilipoanza kupewa fleti zao zenyewe miaka ya 1950 na 1960, badala ya kuchangia jiko moja kaya kadhaa, watu walipata meza ambayo jirani haisikilizi. Wanakaa hapo usiku kucha. Utani wa kisiasa, mashairi yaliyopigwa kwa mashine na kupitishwa mkono kwa mkono, redio za nje zenye kukwaruza. Wengine hufungua bomba la maji wakianza mazungumzo mazito, kuvuruga masikio ya ukutani. Mimi mazungumzo yenyewe yalinipita mengi, Kirusi changu kilikuwa cha darasani. Nilichoona ni kwamba hakuna aliyeangalia saa. Huwezi kumwambia mtu ukweli wa hatari ndani ya dakika tano. Mnaanza na habari za mafua, mnapita kwenye mpira, mnakunywa, ndipo mmoja anatupa neno na kusubiri kuona litapokelewaje.

Daftari Jeusi

Nyongeza kwa Mzee. Kuna kesi ya Joseph Brodsky, Leningrad, mwaka 1964. Kijana wa miaka 23, anaandika mashairi, anatafsiri, anabadilisha vibarua. Wakamshtaki kwa unyonyaji wa jamii, kosa lililowekewa amri mwaka 1961 kwa watu wasio na kazi ya kueleweka. Hakimu alimuuliza ni nani aliyemwandikisha kwenye orodha ya washairi. Akapewa miaka mitano ya kazi ngumu kaskazini, akatumikia kama mwaka na nusu. Mwaka 1987 akapata Tuzo ya Nobel ya fasihi.

Lakini mimi humkumbuka zaidi mwandishi wa habari Frida Vigdorova. Alikaa mahakamani akiandika kwa mkono kila swali na kila jibu, na alipoamriwa aache aliendelea. Maandishi yake yakanakiliwa na kunakiliwa tena mpaka yakafika nje ya nchi. Hakuna gazeti lililomtuma. Alifariki Agosti 1965, wiki chache kabla Brodsky hajaachiwa. Tunaijua kesi ile kwa sababu mtu mmoja alikwenda kuketi mahali ambapo hakuhitajika.

Uzoefu wangu mwenyewe ni mdogo. Mimi ni karani, na tangu niisome habari hiyo huwa nakwenda kusikiliza kesi za watu nisiowajua nikiwa likizo. Ndugu zangu wanaona nimechanganyikiwa. Mara moja wakili alinifuata kuniuliza niko upande wa nani. Nikamwambia nipo mapumzikoni. Hakuamini.

Mfanyakazi Bora wa Mwezi

Hilo jina nilipewa kazini, nikaamua nilitumie huku.

Yangu hayana polisi. Kampuni niliyokuwa nayo ilianzisha Jumamosi za furaha. Ni hiari, lakini majina ya wasiofika yanasomwa Jumatatu. Fulana za rangi moja, michezo ya kuvuta kamba, kisha picha. Mpiga picha anakwambia ucheke tena kwa sababu mara ya kwanza hukuonyesha meno. Picha zinawekwa kwenye kundi la kazi na kila mtu anatakiwa aandike kitu chini yake. Nilikuwa na mwenzangu aliyekuwa amefiwa wiki ileile, naye aliandika "siku njema kabisa".

Baadaye ikaja dodoso la kuridhika kazini, eti halina jina, ila unaingia kwa namba yako ya utumishi. Karibu wote tulijaza kwamba tuna furaha kubwa. Uongozi ukaonyesha matokeo hayo kwenye mkutano, na nadhani waliamini, hilo ndilo lililonisikitisha. Walikuwa wamejitengenezea chombo cha kuwazuia kujua hali ya watu wao. Watu walipoanza kuacha kazi mmoja baada ya mwingine, wakashangaa kwa dhati.

Sisemi kampuni ile ilikuwa Unazi, tusivunjiane heshima na waliouawa. Mimi niliandika barua, nikaondoka, nikalala. Wenzetu wa enzi zile hawakuwa na mlango wa kutokea. Nasema tu ile ladha niliitambua: ukilazimishwa kufurahi, sentensi ya kwanza utakayoitoa ni ya uongo, na ya pili inatoka kwa urahisi zaidi.

Bibi Hoja

Naomba niwe mkorofi kidogo. Mnazungumzia wasaa kana kwamba ni kitu kila mtu alikuwa nacho mpaka dikteta akaja kukiiba. Mama yangu alifua nguo za watu tangu alfajiri na hakupumzika hata siku moja niliyoishi naye, na hakuna aliyeweza kumdanganya. Mwanasiasa akifungua mdomo redioni, mama alikuwa anamalizia sentensi yake kabla hajafika mwisho. Aristotle aliusifu sana wasaa kuwa ndio uhai wa mtu huru, lakini waliokuwa wakimfanyia kazi za nyumbani walikuwa watumwa, na wao hakuwahesabia.

Na hiki mnachokiita haki ya kupumzika kilipiganiwa na wafanyakazi. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, mwaka 1919, ulikuwa wa saa nane kwa siku. Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948 likaja kuliweka pumziko kwenye ibara ya 24. Kati ya mgomo na mkataba kuna watu waliofukuzwa kazi na wengine kupigwa risasi. Kwa hiyo mleta mada, swali lako limepinda. Usiulize tu nani aliuchukua. Uliza nani hajawahi kupewa.

Kalamu Kavu (mleta mada)

Bibi Hoja, nakubali nusu. Mama yako alijua anadanganywa, na hilo halihitaji likizo. Ila ninashikilia kwamba kujua ni jambo moja, na kupata saa mbili za kukaa na wengine wanaojua hilohilo ni jambo jingine. Tawala zile ziliweza kuishi na mamilioni ya watu wasioziamini. Zilichochunga ni wasije wakaketi pamoja bila msimamizi.

Bibi Hoja

Hapo sawa. Mama hakuwahi kuketi na mtu.

Zamu ya Usiku

Mimi ni muuguzi. Sijaporwa na serikali wala bosi, nimeporwa na simu yangu, na ninaishikilia mwenyewe. Nikitoka zamu nakuwa na saa kama mbili kabla ya usingizi, na zote huishia kwenye video za watu wanaogombana. Kitu kimoja tu nimekiona kinaendana na mada hii. Kundi la ukoo wetu hupokea taarifa za kushtua kila siku, na hakuna anayezihakiki kwa sababu zinakuja zikiwa kumi kwa wakati mmoja. Siku moja ya mapumziko nilichukua mojawapo, picha ya maiti zilizosemekana za ghasia za wiki ile, nikaitafuta ilikotoka. Ilinichukua asubuhi nzima. Ilikuwa picha ya miaka mingi nyuma, ya maafa mengine kabisa. Nilipoweka jibu kundini walikuwa wameshahamia jingine, na shangazi akanijibu kwa kidole gumba.

Zamani Stalin alipotaka Yezhov, aliyekuwa mkuu wa polisi wake wa siri, asionekane pembeni yake kwenye ile picha ya mfereji, ilibidi fundi akae na brashi amfute, na kubakie maji matupu. Siku hizi hakuna haja ya kufuta. Inatosha kutuchosha. Ila asubuhi ile moja niliifurahia kuliko video zote za mwaka mzima, sijui kwa nini.

Njano na Kijani

Nimebadilisha jina nililokuwa nalo kwa ajili ya uzi huu. Mimi na mume wangu ndio ile familia ya mwaka 1929. Tunafanya kazi sehemu moja, idara tofauti, na ratiba inapangwa na programu ya kompyuta. Yeye anapumzika Jumanne, mimi Ijumaa, mwezi ukigeuka inakuwa Alhamisi na Jumatatu. Nimewahi kusoma kwamba wafanyakazi wa Kisovieti waliandika gazetini kulalamika: tutafanya nini nyumbani ikiwa mke yuko kiwandani na watoto wako shule? Pumziko la peke yako si sikukuu. Nilitaka kumsomea mume wangu mstari huo, lakini alikuwa kazini.

Tulikwenda kwa msimamizi. Akatwambia kwa upole kabisa kwamba hakuna mtu aliyeamua hivyo, mfumo ndio unaopanga. Huyo ndiye bosi mgumu kuliko wote, asiyekuwepo. Tukarudi. Halafu nikaanza kuuliza mezani wakati wa chakula, mmojammoja, nikakuta wako wengi wenye shida hiyohiyo na kila mmoja alidhani ni yeye tu. Sasa tuna karatasi moja iliyokunjwa ndani ya kabati la vyombo vya usafi. Anayetaka kubadilishana siku anaandika, anayeweza anatia sahihi, na programu inaendelea kuamini inachoamini. Kazi haijalala hata saa moja.

Kwa hiyo kama kuna msimamizi humu anayesoma, kabati hilo halipo.